Mzigo wa Angani, Mzigo wa Begani: Ndege za Uchukuzi wa Kijeshi Zikitazamwa kutoka Kwamndolwa na Ukanda wa Korogwe–Handeni, 1914–1945

1.0 Utangulizi

Historia ya ndege za uchukuzi wa kijeshi huandikwa mara nyingi kwa kukifuata chombo chenyewe: ukubwa wake, kasi yake, uzito ulioweza kubebwa na ushujaa wa marubani wake. Mtazamo huo una faida zake, lakini huacha pembeni swali la msingi: mzigo ulioshushwa na ndege, au ulioshindwa kushushwa, ulibebwa na nani pale ndege ilipoishia? Insha hii inalijadili swali hilo kwa kuvitazama Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia kutoka Kwamndolwa, Korogwe, na ukanda unaounganisha Korogwe na Handeni. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu lilikuwa mpaka wa aina yake: upande mmoja reli, upande wa pili nyika ambamo mzigo ulisafiri kwa nguvu za watu.

Hoja inayojengwa ni kwamba ndege ya uchukuzi haikuliondoa bega la mpagazi vitani. Ilipokosekana, bega hilo lilibeba vita vizima; ilipopatikana, ilifupisha tu safari ya bega hilo. Aidha, tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo kwa ndege ilihesabika kwa maisha ya watu. Ili kulinganisha vipindi hivi, insha inatumia kipimo kimoja, yaani mzigo wa mpagazi, unaokadiriwa kuwa kilo 25.

2.0 Korogwe na Handeni: Mahali Reli Ilipoishia

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ulifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ukaendelezwa hadi Moshi kabla ya vita. Reli hiyo ilifuata bonde la Mto Pangani chini ya milima ya Usambara. Kusini mwake, kuelekea Handeni na nchi ya Wazigua, hapakuwa na reli. Palikuwa na njia za misafara, vijiji vilivyotengana kwa masafa marefu, uhaba wa maji wakati wa kiangazi, na mbung'o waliowaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Katika mazingira hayo mtu ndiye aliyekuwa chombo cha uchukuzi kilichotegemewa zaidi.

Wajerumani waliitambua hali hiyo mapema. Ili kuunganisha reli ya Usambara na Reli ya Kati, walijenga njia nyembamba ya troli kutoka Mombo hadi Handeni. Troli hizo zilisukumwa na watu kwa mikono. Zilipofika Handeni, mizigo ilihamia mabegani na vichwani mwa wapagazi, ikaelekea kusini. Kwa njia hiyo vifaa vya kaskazini viliondolewa kabla majeshi ya Uingereza hayajafika.

Majeshi hayo, chini ya Jenerali Jan Smuts, yalianza kuteremka bonde la Pangani mwishoni mwa Mei 1916. Yalifika Mombo tarehe 9 Juni na Korogwe tarehe 15 Juni. Kabla ya mwezi kumalizika Handeni nayo ilikuwa mikononi mwao, na mapigano ya Lukigura ya tarehe 24 Juni yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo, ushindi huo uliwafikisha mahali ambapo hawakuweza kuendelea. Walipiga kambi kando ya Mto Msiha hadi mwanzoni mwa Agosti. Adui aliyewasimamisha hapo kwa sehemu kubwa alikuwa njaa na malaria: magari yalikuwa yameharibika, wanyama wamekufa, na chakula kilichotoka mwisho wa reli hakikutosha.

Sababu ya mkwamo huo inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za chakula, akila kilo moja kwa siku, angeumaliza mzigo wake wote katika siku 25. Kwa kuwa alipaswa pia kurudi, safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi ilimaanisha kwamba aliyekuwa mstari wa mbele asingepokea karibu chochote. Kila hatua ya jeshi kuelekea kusini ilidai wapagazi wengi zaidi, na wapagazi hao walidai chakula zaidi. Wanavijiji wa ukanda huu walijikuta katikati ya mduara huo: majeshi yote mawili yalihitaji watu wao na chakula chao, na yote mawili yalipita katika njia zilezile.

3.0 Ndege Zisizobeba Mizigo, 1914–1916

Ndege hazikuwa ngeni katika vita hivi. Mwaka 1915 marubani wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, wakitokea kisiwa cha Mafia, waliielekeza mizinga ya meli zao dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Manowari hiyo iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mapema mwaka 1916 Skwadroni Na. 26 ya jeshi la anga la Uingereza, iliyoundwa kwa sehemu kubwa na watu wa Afrika Kusini, iliwasili Mombasa ikiwa na ndege za aina ya BE2c na kulifuata jeshi la Smuts.

Ndege hizo, hata hivyo, zilikuwa macho ya jeshi. BE2c ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye nafasi ya watu wawili na mabomu machache. Kazi zake kuu zilikuwa upelelezi, kudondosha mabomu na kupeleka ujumbe. Hata upelelezi wenyewe ulikuwa mgumu, kwa sababu kikosi kilichotulia chini ya miti ya nyika hakikuonekana kutoka juu. Wazo la kulisha jeshi kutoka angani lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwingineko: Aprili 1916, ndege za Uingereza zilidondosha chakula kwa askari waliozingirwa katika mji wa Kut, Iraki. Chakula hicho hakikutosha, na askari hao walijisalimisha tarehe 29 Aprili. Ikiwa ndege za wakati huo hazikuweza kuulisha mji mmoja, zisingeweza kuzilisha brigedi kadhaa zilizokwama kusini mwa Handeni.

Kinyume chake, ndege ndizo zilizowategemea wapagazi. Kila zilipohamia mbele, uwanja mpya ulipaswa kufyekwa, mashimo kufukiwa na visiki kung'olewa. Petroli, mafuta ya mitambo, mabomu na vipuri vilipaswa kuzifuata kwa njia ileile iliyokuwa imelemewa na chakula. Rubani alipaa kwa saa chache. Lakini saa hizo zilitanguliwa na siku nyingi za kazi za watu waliotembea kwa miguu. Kwa mtazamo wa uchukuzi, basi, ndege ya mwaka 1916 ilikuwa mzigo mmoja zaidi kwa mpagazi.

4.0 Safari ya L59, Novemba 1917

Jaribio la kwanza la kupeleka shehena nzima ya kijeshi Afrika Mashariki kwa njia ya anga lilifanywa na Wajerumani. Kwa kuwa Uingereza ilidhibiti bahari, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limepata msaada mkubwa kutoka Ulaya mara mbili tu. Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilishambuliwa na kuungua, lakini sehemu kubwa ya shehena yake iliokolewa. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, na shehena yake ikachukuliwa na wapagazi kwenda bara. Baada ya hapo bahari ilikuwa imefungwa. Daktari Zupitza, aliyewahi kuhudumu katika makoloni ya Kijerumani, alipendekeza njia nyingine: meli ya anga ya aina ya Zeppelin.

Chombo kilichotengwa kwa kazi hiyo kilipewa jina L59. Kilikuwa puto refu la gesi ya haidrojeni lenye kiunzi cha madini mepesi, urefu wa zaidi ya mita 226 na injini tano. Kilipangiwa kwenda bila kurudi, kwa sababu Afrika Mashariki hapakuwa na gesi ya kukijaza upya. Kwa sababu hiyo kila sehemu yake ilifikiriwa kuwa shehena: kitambaa cha nje kingekuwa mahema, kitambaa cha mifuko ya gesi kingetumika kwa mahitaji ya askari, na kiunzi kingejengewa minara ya simu za upepo. Ndani yake kulipakiwa takriban tani 15 za vifaa, zikiwemo risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha, dawa, bandeji na barua.

L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na watu 22, Zupitza akiwa mmoja wao, chini ya unahodha wa Ludwig Bockholt. Ilivuka Uturuki na Bahari ya Mediterania, ikaingia Afrika, kisha ikafuata jangwa la Misri hadi Sudani. Safari hiyo iliwatesa waliokuwemo. Mchana joto la jangwa liliitanua gesi na kukifanya chombo kipande na kushuka kama jahazi katika mawimbi. Usiku baridi iliifanya gesi isinyae na kukikosesha chombo nguvu ya kuelea. Mwanga wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa. Injini iliyoendesha mtambo wa kutuma ujumbe iliharibika, hivyo wakaweza kupokea habari bila kuweza kujibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, L59 ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea kutoka Ujerumani amri ya kurudi. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yamelisukuma jeshi la Lettow-Vorbeck kusini kabisa mwa koloni, na eneo lililotarajiwa kutua halikuwa salama tena. Bockholt aligeuza chombo. Kilifika Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilometa 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, akajipatia humo silaha na risasi ambazo L59 haikuweza kumfikishia. Bockholt na wenzake hawakuishi muda mrefu: L59 ililipuka karibu na mlango wa bahari wa Otranto tarehe 7 Aprili 1918, na wote waliokuwemo wakafa.

5.0 Hesabu ya Mizigo

Safari ya L59 imeingia katika vitabu vya urubani kama mafanikio makubwa ya masafa marefu, na kwa kipimo cha masafa inastahili sifa hiyo. Ikipimwa kwa uchukuzi, sura yake hubadilika. Tani 15 ni mizigo 600 ya kilo 25. Hata kama chombo kingetua salama, siku hiyohiyo wangehitajika wapagazi 600 ili kuihamisha shehena kabla adui hajafika, bila kuhesabu waliohitajika kukata kitambaa na kufungua kiunzi. Mpango wa kiteknolojia uliotegemea saa za safari ya anga ulikuwa unamalizikia pale ulipomalizikia mpango wa troli za Mombo: kwenye kundi la wapagazi.

Jeshi lenyewe lililokusudiwa kusaidiwa linathibitisha jambo hilo. Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Kwa upande wa Uingereza uwiano ulikuwa mzito zaidi. Katika mwaka huohuo wa 1917, serikali ya kikoloni iliendesha uandikishaji wa lazima kwa wingi nchini Kenya, na watu wa maeneo yaliyotekwa ya koloni la Kijerumani nao walichukuliwa. Katika kipindi chote cha vita, Uingereza ilitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Vifo vilivyokubaliwa katika hesabu rasmi ni takriban 95,000, na watafiti wengi huiona namba hiyo kuwa ndogo kuliko hali halisi.

Wengi wa wafu hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Waliotoka nchi za ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliopikwa nusunusu kwa sababu ya uhaba wa vyombo, kuni na muda. Matumbo yao hayakuuhimili. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa machela na wapagazi wenzake, yaani ugonjwa wa mmoja uliongeza mzigo wa wengine. Huu ndio uzito wa kukosekana kwa ndege ya uchukuzi: kila kilo iliyoshindwa kwenda kwa anga, reli au gari ilihamishiwa kwenye mwili wa mtu.

6.0 Dakota na Askari wa Tanganyika, 1944

Miaka 27 baada ya L59 kugeuza njia, watu wa Tanganyika walikutana na ndege za uchukuzi zilizofanikiwa, lakini ng'ambo ya bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, kisha mwaka 1944 ikaingia vitani dhidi ya Wajapani nchini Burma. Miongoni mwa batalioni zake zilikuwemo ya 26 na ya 36 za King's African Rifles, ambazo zilikuwa za Tanganyika. Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, hadi ikaushika mji wa Kalewa kwenye Mto Chindwin.

Mazingira ya bonde hilo yalifanana na ya Msiha kwa jambo moja: jeshi lilikuwa mbali na mwisho wa njia inayopitika, katika nchi yenye malaria, na barabara iligeuka tope. Tofauti ilikuwa angani. Jeshi la 14 la Jenerali William Slim lilipangwa tangu awali kutegemea ugavi wa anga, na chombo chake kikuu kilikuwa Dakota, ndege ya injini mbili iliyoweza kubeba takriban tani mbili na nusu. Kwa kipimo cha insha hii, Dakota moja ilibeba mizigo 100, ikaifikisha kwa saa chache, ikarudi siku hiyohiyo. Chakula kilichostahimili mtikisiko kilidondoshwa katika magunia yaliyoshonwa mara mbili. Risasi na dawa zilishushwa kwa miavuli. Hariri ilipokosekana, miavuli ilitengenezwa kwa juti kutoka viwanda vya Calcutta.

Kazi ya waliokuwa ndani ya Dakota ilikuwa ya hatari isiyo na fahari. Kwa kawaida kulikuwa na rubani, msaidizi wake, mwelekezaji njia na mtumaji ujumbe wa redio, pamoja na askari wa kusukuma mizigo mlangoni. Ndege haikuwa na silaha. Ilipita katikati ya mawingu mazito ya mvua juu ya milima, ikashuka chini bondeni kutafuta alama za vitambaa au moshi, kisha ikazunguka mara kadhaa juu ya uwanja uleule, kwa kuwa mizigo yote haikuweza kutupwa kwa mpigo mmoja. Kila mzunguko ulimpa adui nafasi nyingine ya kulenga.

Ardhini, kazi ya bega ilianza pale gunia lilipoanguka. Mizigo iliyotawanyika msituni ilitafutwa, ikakusanywa na kubebwa hadi kwenye kombania. Hapa ndipo hoja kuu inapothibitika: safari ya bega haikufutwa, bali ilipungua kutoka majuma hadi saa. Upungufu huo uliokoa maisha. Ndege ndogo zilizotua kwenye viwanja vifupi ziliwachukua majeruhi na wagonjwa ambao mwaka 1917 wangefia kwenye machela. Askari wa Tanganyika alikula chakula kilichofika bila mpagazi wa nyuma kukila njiani. Mduara ulioikwamisha kampeni ya Handeni ulikuwa umekatwa.

Nyumbani, hata hivyo, vita viliendelea kudai nguvu za mikono. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya kivita kwa Uingereza na washirika wake. Serikali iliruhusu watu kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba, na wilaya za Tanga na Korogwe ndizo zilizokuwa kitovu cha zao hilo. Kwa hiyo ukanda wa Kwamndolwa, uliotoa njia kwa vita vya kwanza, ulitoa mkonge kwa vita vya pili. Ndege zilizopunguza mzigo wa askari Burma hazikupunguza mzigo wa mkata mkonge Korogwe.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kushindwa kwa L59 na kufanikiwa kwa Dakota ni sehemu mbili za historia moja. Katika vipindi vyote viwili ndege ilipimwa na umbali kati ya mahali iliposhushia mzigo na mahali mzigo ulipohitajika. Umbali uliobaki ulikuwa wa mtu. Mwaka 1917 umbali huo ulikuwa koloni zima. Mwaka 1944 ulikuwa kipande cha msitu. Idadi ya wafu wa uchukuzi inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kwa kipimo hicho kuliko kwa maelezo ya hali ya hewa na maradhi pekee.

Tofauti ya pili ni ya kumbukumbu. Jina la nahodha wa L59, saa alizokaa angani na kilometa alizosafiri vinajulikana kikamilifu. Wapagazi wamebaki katika jina la mahali, Kariakoo, lililotokana na kambi yao Dar es Salaam, na katika maandishi ya sanamu ya mwaka 1927 ya jiji hilo, ambayo juu yake amesimama askari peke yake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa watafiti, matokeo haya yana maana ya kivitendo. Uchunguzi wa ugavi wa anga barani Afrika haupaswi kukomea kwenye kumbukumbu za vikosi vya ndege. Unapaswa kuendelea hadi kwenye vijiji vilivyofyeka viwanja, vilivyosukuma troli na vilivyotoa wapagazi. Katika ukanda wa Korogwe na Handeni kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye koo, njia za zamani na majina ya mahali, kwa sababu huko ndiko yanakoweza kupatikana majina ya watu ambao hesabu rasmi imewaandika kwa jumla tu.